Programu ya muziki imegoma kufunguka baada ya kusasisha mfumo, nishaurini kabla sijafomati

Sauti ya Pili (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni msaada, nimechanganyikiwa. Natumia Mac, ndiyo ninayorekodia na kuchanganyia muziki, na haijawahi kunisumbua. Majuzi nikasasisha mfumo kwa sababu kivinjari kilikuwa kimeanza kukataa tovuti nyingi. Ilipowaka kila kitu kipo, picha zipo, barua zipo. Ila nikibofya programu ya muziki, ikoni inarukaruka pale chini, picha ya mwanzo inatokea, halafu inapotea kimyakimya. Mara nyingine napata ujumbe kwamba programu inatakiwa kusasishwa na aliyeitengeneza.

Nina kazi ya kwaya natakiwa niikabidhi wiki hii. Sauti zote zimesharekodiwa, kilichobaki ni kuchanganya tu. Swali langu ni moja: nikifomati nikarudi mfumo wa zamani, itafunguka? Naomba ndiyo au hapana, muda wenyewe sina.

Fundi Waya
Mkuu, umetoka mfumo gani kwenda upi? Programu ni ipi, toleo lipi? Kompyuta ni ya mwaka gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Kinanda Kizee
Pole sana mdogo wangu. Mimi nilianzia kwenye kompyuta ya Atari ST, ile iliyotoka 1985 ikiwa na matundu yake ya MIDI tayari, yale ya kupitishia noti kati ya kinanda na kompyuta. Cubase, programu ya kutengenezea muziki, ilipoingia mwaka 1989 nikahamia humo moja kwa moja. Hakukuwa na intaneti ya kukuletea sasisho ukiwa umelala. Unachomeka disketi, unasubiri, unapiga. Nilichojifunza kule ni kwamba mashine ya kazi haiguswi kazi ikiwa katikati. Maliza albamu, kabidhi, ndipo usasishe utakavyo. Nyie wa siku hizi mkiona kile kialama chekundu chenye namba, mkono unawawasha.

Dada Besi
Shikamoo mzee. Maneno yako ni ya kweli, lakini huyu amekuja akiwa ameshasasisha. Tumsaidie hapo alipo.

Kick na Snea
Sema ukweli mkuu, si ya kuvunja hiyo? Programu iliyovunjwa imechezewa ndani, sahihi yake ya kidijitali haiko sawa tena, na mifumo mipya ni mikali kwenye kukagua sahihi. Hapo hata malaika hakusaidii.

Sauti ya Pili
Siyo ya kuvunja, niliinunua kwa jasho langu na leseni ninayo. Jina sitalitaja, sitaki nionekane naichafua kampuni ya watu. Nimetoka Mojave nikaenda moja kwa moja Monterey. Kompyuta ni MacBook Pro ya 2015. Sasa nijibiwe: nikifomati itafunguka?

Fundi Waya
Umeruka mifumo miwili ya katikati, Catalina na Big Sur, ndiyo maana umetua kwa kishindo. Catalina ilipotoka 2019 ilizima kabisa programu za biti 32, yaani zile za muundo wa zamani. Mojave ilikuwa ya mwisho kuzikubali, tena ilikuwa inakuonya ukizifungua. Kwa hiyo chochote cha biti 32 ulichokuwa nacho, programu au plagini (vile viprogramu vya nyongeza vinavyofanya kazi ndani ya programu kubwa), huko Monterey kimekufa. Hakuna mpangilio wa kukifufua.

Lakini programu inayofika hadi picha ya mwanzo kisha ikaanguka ni habari nyingine. Hapo mara nyingi programu yenyewe ni nzima, inakufa wakati inakagua plagini. Moja iliyopitwa na wakati inatosha kuiangusha yote. Jaribu hivi. Kwenye Finder bonyeza Shift, Command na G, andika /Library/Audio/Plug-Ins. Utakuta folda za Components, VST na VST3. Vilivyomo vyote vihamishie kwenye folda mpya hapo Desktop. Hamisha, usifute. Kisha angalia na ndani ya Library yako binafsi, kuna folda kama hizohizo, watu wengi huwa wanaisahau ile. Ukiwa huko, ondoa na AudioUnitCache kwenye Caches ili ukaguzi uanze upya. Fungua programu. Ikifunguka, rudisha plagini nusu, fungua tena. Ikianguka, mkorofi yumo kwenye nusu hiyo. Endelea kugawa hadi umkamate.

Na upite Security & Privacy uone kama kuna draiva imezuiwa inasubiri ruhusa yako. Draiva ya kadi ya sauti au ya ufunguo wa leseni ikizuiwa, programu nyingine hukwama hapohapo mwanzoni.

Mama Soprano
Umesema kwaya, moyo wangu ukashtuka. Kikundi chetu tulirekodi siku nzima, watu wametoka mbali, wengine wana watoto mgongoni. Mtayarishaji akaja kutuambia kompyuta imezimika na kazi haionekani. Tulirudia, lakini yule aliyeimba ubeti wa pili siku ile hakuimba tena vile. Anayekabidhiwa sauti za watu amebeba amana. Nakuomba kwa upole, nakala unazo?

Sauti ya Pili
Asante mama. Faili ziko salama, msiwe na wasiwasi. Fundi, nimekusoma, lakini hiyo ya kugawa plagini nusunusu itanila siku nzima, nina plagini nyingi mno. Kufomati ni saa chache tu. Kisakinishi cha Mojave nimeshakiandaa.

Dada Besi
"Ziko salama" siyo jibu. Ziko wapi? Na kisakinishi umekiandaa kwenye nini?

Sauti ya Pili
Kwenye diski ya nje.

Dada Besi
Ipi?

Sauti ya Pili
Sawa, naona hamtaniacha. Ni ileile niliyokuwa nahifadhia nakala za kazi. Sikuwa na diski nyingine, na maelekezo niliyofuata yalitaka diski ifutwe kwanza. Lakini sioni tatizo liko wapi. Faili zenyewe zimo ndani ya kompyuta, na iCloud nimeiwasha tangu zamani. Nikishafomati naingiza akaunti yangu, zinashuka zote. Niliwaza hayo yote kabla ya kufanya, sikukurupuka.

Dada Besi
Usibonyeze kitu chochote! Ile huduma ya iCloud ya kuhifadhi folda inabeba Desktop na Documents. Folda ya Music haimo. Projekti zako zimekaa folda gani?

Sauti ya Pili
Music. Ndiyo programu inakohifadhi yenyewe.

Dada Besi
Basi hizo ulizonazo ndani ya kompyuta ndizo pekee zilizobaki duniani. Ukifomati, kwaya imekwenda. Diski ile ya nje nayo usiandike kitu kingine juu yake, huenda baadhi ya rekodi za zamani bado zinaweza kuokolewa kwa programu za kufufua faili, lakini usiitegemee.

Mama Soprano
Mungu wangu.

Kinanda Kizee
Enzi za kanda tulikuwa tunavunja kile kidude cha plastiki pembeni ya kaseti ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Kilikuwa kidogo kama ukucha lakini kimeokoa ndoa na misiba mingi. Sijui kwa nini diski za sasa hazina.

Kick na Snea
Wakuu, naomba niseme ambalo wengine mnaliona mnanyamaza. Hii ni chai.

Angalieni vizuri. Programu ya biti 32 kwenye Monterey haikuonyeshi picha ya mwanzo hata kidogo. Ikoni yake inapigwa alama ya katazo, ukibofya mfumo unakuzuia mlangoni na ule ujumbe wa "inatakiwa kusasishwa". Kwa upande wa pili, inayofika kwenye picha ya mwanzo siyo ya biti 32, hivyo haiwezi kukupa ule ujumbe. Yeye anasema inafanya yote mawili, programu moja. Jina hataji. Nakala mara ziko salama, mara zimefutwa. Kila tukibana inatoka sura mpya. Kuna watu humu wanatunga nyuzi ili waone tunavyohangaika.

Mpita Uzi
Nilishaanza kuhisi. Nimekaa paleee nasubiri.

Bwana Tempo
Hata mimi ile "sitaki kuichafua kampuni" ilinipa mashaka. Mtu mwenye shida ya kweli anataja jina, anataka msaada. Au ni uzi wa kutuletea tangazo baadaye? Mods wafunge.

Mama Soprano
Na kama ni kweli, mkamfukuza na kazi ya watu mkononi?

Dada Besi
Kick, hoja yako ya kiufundi ni sahihi. Ila kabla ya kuita chai, muulize amebofya ikoni ngapi.

Sauti ya Pili
Nimeumia sana kwa haya maneno. Sina muda wa kutunga, nina watu wananisubiri. Dada Besi umelenga: ni ikoni mbili. Ya kwanza ni ya kurekodia, hiyo ndiyo inatoa picha ya mwanzo inapotea. Ya pili ni programu ya zamani ya kinanda cha kanisani, naifungua pembeni, mlio wake unaingia kwenye ya kwanza. Hiyo ndiyo yenye alama ya katazo. Nikisema programu ya muziki nazungumzia zote mbili kwa sababu kwangu zinafanya kazi kama moja, sijawahi kufungua hii bila ile.

Na kwa anayetaka ushahidi, nimefungua Console, upande wa Crash Reports. Ripoti ya ile ya kurekodia ni ndefu, lakini kwenye ile sehemu (thread) iliyoangusha programu, mstari wa juu kabisa unataja plagini ya mwangwi niliyoinunua miaka mingi iliyopita. Ripoti ya jana inaitaja hiyohiyo. Hiyo nayo ni chai?

Kick na Snea
Hapana. Hiyo ni ripoti ya kweli, mtu hawezi kuitunga kwa kubahatisha. Nimekuelewa mkuu, tuendelee.

Bwana Tempo
Mimi bado nataka jina la programu.

Fundi Waya
Jina halina kazi tena, Tempo. Ripoti imetupunguzia safari. Sauti ya Pili, huna haja ya kugawa nusunusu. Itoe hiyo plagini ya mwangwi peke yake, kwenye Components na kwenye VST zote, futa ile AudioUnitCache, fungua.

Sauti ya Pili
Imefunguka! Imekagua plagini zote hadi mwisho, nimefungua projekti ya kwaya, sauti zote zipo. Nimeangalia mawimbi ya soprano hadi besi, hakuna mstari mtupu. Mwangwi tu ndio unasema haupo, nitaweka mwingine.

Lakini kinanda hakipo, na kuna nyimbo kinanda ndicho kinachobeba kila kitu. Kwa hiyo narudi palepale, itabidi nifomati tu. Msinielewe vibaya, nimejaribu kutafuta mlio mwingine, haufanani. Waimbaji waliimba wakisikia kile.

Fundi Waya
Unakitaka kinanda, huihitaji Mojave yote irudi. Hapo hakuna haja ya kufuta kitu. Diski yako ya ndani imepangwa kwa APFS, mfumo wa faili wa Apple, na APFS inakuruhusu kuongeza volyumu nyingine ndani ya diski hiyohiyo, inagawana nafasi na ile ya kwanza. Fungua Disk Utility, bonyeza alama ya kujumlisha pale penye Volume, uipe jina. Usiguse Partition, na usiguse Erase kabisa. Kisha zima, washa huku umeshikilia Option, chagua kisakinishi chako. Kikikuuliza usakinishe wapi, chagua ile volyumu mpya. Hapo ndipo pa kusoma jina mara mbili.

Utakuwa na mifumo miwili, unachagua kwa Option kila unapowasha. Mojave inaweza kulalamika kwamba kuna diski isiyoendana nayo. Ni ile ya Monterey. Bonyeza OK uendelee, usijaribu kuitengeneza.

Lakini kabla ya yote hayo, folda ya Music inakiliwe kwenye diski nyingine. Siyo ile yenye kisakinishi.

Sauti ya Pili
Nimeazima diski kwa mwenzangu, nakala inaendelea sasa hivi. Swali la mwisho: nikishaingia Mojave, si nichanganyie hukohuko? Ile ya kurekodia nayo ilikuwa inafanya kazi vizuri kule.

Fundi Waya
Ungeweza, lakini projekti umeshaifungua Monterey, na ukiihifadhi huku kwa toleo jipya la programu, la zamani linaweza kuikataa. Mojave iwe ya kinanda tu. Peleka kule MIDI ya kinanda, toa kila wimbo kama WAV, yaani faili ya sauti yenyewe, kiwango cha sampuli kilekile cha projekti. Anzia mwanzo kabisa wa wimbo hata kama kinanda kinaingia katikati, ili ukiileta huku ikae mahali pake bila kuvuta vuta. Ukishazipata hizo WAV hutaihitaji tena ile programu kwa kazi hii.

Kinanda Kizee
Na uzihifadhi hizo WAV pamoja na projekti. Mimi nina nyimbo za zamani zina MIDI tu, na ala yenyewe iliyozipiga haipo tena. Noti ninazo, sauti sina.

Dada Besi
Nakala ikiisha, usiridhike kuona majina ya faili. Fungua projekti moja kutoka kwenye hiyo diski ya kuazima, cheza wimbo mzima, sauti zote nne. Ndipo uje utuambie zipo.