Mjadala: Vocha za Chekoslovakia, haki ya wananchi au mlango wa wizi?

Mtoa mada: Wakuu, tuijadili Chekoslovakia ya 1992, ilipogawa mashirika ya umma kwa raia kwa njia ya vocha. Mtu mzima alilipa koruna 1,035, kama mshahara wa wiki moja, akapata kitabu cha vocha chenye pointi 1,000 za kuombea hisa za mashirika hayo. Maombi yakizidi hisa kwa zaidi ya asilimia 25, hakuna aliyeuziwa. Bei ilipandishwa, watu wakaomba upya raundi iliyofuata. Walishiriki kama milioni 8.5. Kwangu hiyo ni haki. Raia hawakuwa na akiba ya kununua viwanda, na kila mwezi wa kusubiri uliwapa mameneja nafasi ya kuhamishia mali kwenye kampuni zao.

Jibu la 1: Mnada sina ugomvi nao, mkuu. Tatizo ni kilichofuata. Sehemu kubwa ya pointi ilikabidhiwa mifuko ya uwekezaji, yaani kampuni zilizoomba na kushika hisa kwa niaba ya watu wengi. Ule wa Harvard, wa Viktor Kožený, uliahidi kumrudishia mtu mara kumi ya alicholipa baada ya mwaka na siku moja. Mfuko ukishapata viti kwenye bodi, kiwanda kinauza bidhaa kwa bei ya kutupa kwa kampuni ya rafiki wa meneja, kampuni hiyo inauza kwa bei ya soko na faida inabaki huko. Au kiwanda kinakopesha bila dhamana, mkopaji anafilisika. Mwenye hisa mbili tatu hana taarifa wala pa kushtaki. Tume ya kusimamia soko la mitaji ilianza 1998, miaka mitano baada ya soko la hisa la Prague kufunguliwa!

Jibu la 2: Ongeza mabenki. Mabenki makubwa, ambayo serikali bado ilikuwa na hisa nyingi ndani yake, yalianzisha mifuko mikubwa. Benki hiyo hiyo inakikopesha kiwanda na mfuko wake unakimiliki. Nani atathubutu kukifilisi? Madeni mabovu yakarundikana, mlipakodi akayabeba.

Mtoa mada: Mngefanyaje basi?

Jibu la 1: Kama Poland. Sheria ya biashara ya hisa na tume ya kuisimamia vilikuja 1991, mwaka ule ule soko la Warsaw lilipoanza na kampuni tano tu. Mpango wao wa kugawia raia wote hisa ulisubiri hadi 1995, kampuni 512 chini ya mifuko 15.

Mtoa mada: Na mashirika mengine mengi yakabaki mikononi mwa serikali miaka mingi, ndugu yangu. Hiyo gharama nayo ihesabu.

Jibu la 2: Ihesabiwe, sawa. Ila kiwanda cha magari cha Škoda, cha huko huko Chekoslovakia, hakikupita kwenye vocha: Volkswagen iliingia 1991 kwa mkataba, ikaongeza hisa hatua kwa hatua huku ikileta mtaji. Kiwanda kinachohitaji mashine mpya hakipati hata koruna moja kwa kugawiwa vocha.