Chama cha madaktari kinamtetea nani: mgonjwa wa kijijini au mwanachama wake?

Mzee wa Chumbageni: Waungwana, naleta jambo ambalo tumelibishania barazani wiki nzima bila kuafikiana. Chama cha Madaktari Tanzania ni cha hiari. Anayesajili na kutoa leseni ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Je, chama cha hiari kinawajibika kuitetea zahanati ya Kilindi au Mkinga, huku mkoani kwetu Tanga, ambako pengine hakina mwanachama hata mmoja? Mimi nasema kinawajibika, kwa kuwa kinapokwenda kuzungumza na serikali husema kwa jina la afya ya wananchi, si kwa jina la waliolipa ada peke yao.

Msomi wa Raskazone: Shikamoo, Mzee wangu. Chama huitetea zahanati kwa kumtetea anayepelekwa huko. Kilipogoma mwaka 2012, madai hayakuwa mshahara tu. Kulikuwa na nyumba, posho ya mazingira magumu na vifaa vya hospitali, ila watu walishika la mshahara wakayaacha mengine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010, unaohusu kuwabakiza watumishi vijijini, nao ulizungumzia makazi, mazingira ya kazi, nafasi ya kujiendeleza, na kuwapokea vyuoni vijana waliokulia huko huko. Shida yetu mkoani ni kwamba vijiji vimeachiwa matabibu, wasio na shahada ya udaktari, ambao, tusidanganyane, si madaktari.

Mkunga wa Songe: Ndugu Msomi, nimeyasoma yote, lakini yaliyonichoma ni hayo maneno matatu ya mwisho. Zahanati niliyoanzia kazi ilikuwa na rota ya zamu ukutani, imepigwa mistari kwa rula, na katika safu ya tabibu, kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, mchana na usiku, jina lilikuwa moja. Usiku mmoja aliletwa mama kwa bodaboda, amejifungulia njiani na damu haikati. Tabibu huyo alimchoma oksitosini na kumtundikia dripu, nami nikimkanda tumbo, kisha akapanda naye gari la kubebea mahindi hadi hospitali ya wilaya, ameishika chupa ya dripu juu kwa mkono njia nzima. Alfajiri alirudi akafungua dirisha la wagonjwa wa nje. Mtu huyo wewe ungemwitaje?

Msomi wa Raskazone: Ningemwita tabibu, dada yangu, tena tabibu hodari. Sikumtukana mtu. Mgonjwa ana haki ya kujua anahudumiwa na nani, na cheo kikigawiwa kwa huruma, kesho atakidai hata asiyesoma.

Mwana wa Pangani: Kwanza nisahihishe: waliouongoza mgomo ule walijiita Jumuiya ya Madaktari, kwa hiyo tusikibebeshe chama sifa wala lawama isiyo yake. Pili, Msomi anisaidie. Kwa miaka mingi, upasuaji wa uzazi katika hospitali nyingi za wilaya umefanywa na madaktari wasaidizi, yaani matabibu waliorudi chuoni miaka 2. Hawana shahada, lakini neno daktari limo ndani ya cheo chao. Tulifute, au tuwafuate wale mama tuwaambie kwamba hawakupasuliwa?

Msomi wa Raskazone: Hiyo ni kejeli, bwana, si hoja. Msaidizi ni msaidizi.

Mlalo Juu: Mnagombania jina la mtu ambaye huku kwetu hatumpati kabisa. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulioanza mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kuta tumezisimamisha, mchanga tumeubeba wenyewe, lakini jengo halichomi sindano. Kuhusu vyama, kimoja cha wataalamu, ambacho sitakitaja, kilituletea kambi ya siku 2. Walitupima presha na sukari, wakapiga picha, wakateremka mlima. Waja leo, waondoka leo, kama tusemavyo Tanga. Mimi niliandikiwa kikaratasi kwamba presha yangu iko juu, nirudie kipimo zahanati baada ya mwezi. Nilipokwenda, mashine ya presha ilikuwepo, betri hazikuwepo.

Mwana wa Pangani: Betri si ungenunua, ndugu yangu?

Mlalo Juu: Nilinunua. Zimo humo hadi leo, kijiji kizima kinapimiwa betri zangu. Ndiyo sababu nauliza chama kinafanya nini siku ambazo hakina kambi.

Mzee wa Chumbageni: Wanangu, niliuliza juu ya wajibu wa chama, nanyi mmenipeleka kwenye vyeo hadi betri. Nisaidieni kurudi.

Mkunga wa Songe: Tumerudi, Mzee. Chama kiandike barua ya kudai tabibu wa pili katika ile rota, na siku atakaporipoti kazini nitamwita Msomi kwa cheo chochote atakachopenda.

Msomi wa Raskazone: Nakubali. Lakini hao ni matabibu, dada. Barua hiyo iandikwe na chama cha nani?

Mkunga wa Songe: Hilo ndilo Mzee aliloliuliza asubuhi.