MREJESHO: Yule mwanangu ambaye wenzake walikuwa wanamkimbia

Habari zenu wapendwa. Niliomba ushauri kuhusu mwanangu wa miaka 8, akiingia kwenye mchezo anaanza kuwapangia wenzake sheria na ugomvi unaanza hapo hapo. Wengine mlisema atakua tu, ila dada aliyeniambia nitafute mtaalamu wa saikolojia ya watoto Mungu ambariki sana.

Kumbe hivi vitu vinafundishika kabisa! Mtaalamu tuliyempata anafuata njia kama za Fred Frankel, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, yani mtoto asivamie mchezo, kwanza asimame pembeni aangalie wanacheza nini, asifie kidogo, "duh umekwepa vizuri", halafu mchezo ukisimama ndo aombe kuingia, tena upande unaozidiwa. Wakikataa anaondoka bila kununa, na hilo ndo lilikuwa gumu kuliko yote, tulifanya mazoezi sebuleni mimi na dada yake tunajifanya tunamkatalia mpaka akazoea. Akialika rafiki nyumbani ni mmoja tu, tivii inazimwa, na midoli asiyotaka ishikwe tunaificha kabla mgeni hajafika.

Juzi nachungulia dirishani namuona pembeni ya watoto wanaocheza rede, katulia anaangalia, mpira ulipoenda mbali akauliza "huku mko wachache, niingie?" wakamwambia ingia. Jamani nililia.

Shuleni bado, mapumziko mafupi na watoto wengi mno, nimeshaongea na mwalimu wake amkalishe karibu na mtoto mmoja mpole wanayeelewana. Asanteni sana.