Nzi wadogo jikoni: matunda nimeyatoa, bado wapo

Mkaazi wa Chake
Assalaam alaykum. Tangu maembe yaanze, jiko limejaa nzi wadogo. Matunda nimeyatoa, dawa ya mbu nimepuliza, wanapungua siku moja halafu wanarudi. Wengine hukaa ukutani juu ya sinki. Siki nyeupe nimeweka kwenye gilasi, hawaingii. Nifanyeje?

Jiko la Ng'ambo
Waalaykum salaam. Inaonyesha una aina mbili. Mwenye macho mekundu anayezengea ndizi ni nzi wa matunda. Yule wa ukutani, mwenye mbawa pana za manyoya, anazaliwa kwenye bomba la maji machafu, na siki haimsumbui kabisa. Kuhakikisha, usiku kausha mdomo wa tundu la sinki, bandika utepe wa plastiki nusu yake, gundi iangalie chini. Rudia siku tatu nne, kwani hawatoki kila siku. Wakinata, chanzo ni humo.

Bi Mkubwa wa Wete
Mwanangu, siki nyeupe haina harufu ya tunda lililochacha, na hiyo ndiyo wanayoifuata. Ponda kipande cha ndizi iliyoiva sana, tia siki vijiko viwili, maji vijiko viwili, na sabuni ya maji tone moja tu. Bila sabuni nzi anatua juu, anakunywa, anaruka. Ikizidi, harufu yake inamfukuza. Badilisha kila baada ya siku mbili, la sivyo watazaliana humo humo.

Dawa ya kupuliza inaua wanaoruka na kuacha mayai na funza. Kwa joto letu, yai huwa nzi kamili kwa siku nane hadi kumi hivi, kwa hiyo mtego ukae wiki mbili hata ukiona wameisha. Na kutoa matunda hakutoshi! Tazama machicha yaliyoganda kwenye mbuzi ya nazi, maji ya embe chini ya pakacha, kitunguu kilichooza chini ya gunia, kitambaa kibichi cha kufutia, sehemu ya chini ya ndoo ya taka. Embe zioshe zikifika tu, uzikaushe, uzifunike kwa kawa la ukili au kanga. Wavu wa plastiki wenye matundu makubwa wanapenya.

Fundi bomba, Unguja
Kwa wale wa sinki: weka ndoo chini, fungua kona ya bomba, sugua ule utelezi mweusi kwa brashi ya chupa, na mdomo wa tundu pia. Funza wanaishi ndani ya utelezi, kwa hiyo dawa ya klorini ikimwagwa tu inapita juu yao. Klorini na siki msizichanganye abadan, hutoa hewa ya sumu. Maji yanayochemka nayo hulegeza mabomba ya plastiki, viungo vikaanza kuvuja. Ya moto kiasi yanatosha. Tundu la sakafuni lisilotumika mwagieni maji kila wiki, kona yake isikauke.