Kamshafti gani inafaa pikapu nzito ya kukimbiza kwenye koni? Naomba ushauri kabla sijanunua

pikapu_tani2

Wakuu habari za muda huu, naomba msaada kwa wanaojua injini vizuri. Nina Chevrolet Silverado ya 2002, V8 ya lita 5.3 ile LM7, giaboksi oto ya gia 4 (4L60E), difu (gia za ekseli ya nyuma) ya uwiano 3.73 yenye loki ya kuzungusha tairi zote mbili pamoja. Nikiwa ndani na tanki nusu mizani inasoma kilo 2,150. Naitumia kwenye otokrosi, yale mashindano ya kupita katikati ya koni kwenye uwanja wa lami, gari moja moja, unapimwa muda. Najua kuna watakaouliza kwa nini pikapu, jibu ni kwamba hii ndio gari niliyonayo na naipenda, nimeishusha, nimeweka shokabu nzuri, stabilaiza nene nyuma na tairi pana za kimo cha inchi 28.

Kona inakata vizuri kuliko watu wanavyodhani. Shida ni kutoka kwenye kona. Nakanyaga mafuta mpaka chini halafu nasubiri, ikija kuanza kuchanganya koni inayofuata imeshafika na inabidi niachie. Kila raundi ni hivyo hivyo.

Sasa nimebaki na kamshafti (ile shafti inayofungua na kufunga valvu) mbili za kuchagua. Ya kwanza ni 228/230 (nyuzi ambazo valvu inakaa wazi, za kuingiza kisha za ekzosi), lifti (kimo valvu inachonyanyuka) karibu inchi 0.590, nyuzi kati ya nundu (LSA) 112. Ya pili ni 212/218, lifti 0.550, LSA 112 pia. Muuzaji ananisukuma nichukue kubwa, anasema nikishafungua injini mara moja bora niweke kitu cha maana, na kweli ukiangalia grafu yake ya nguvu ile kubwa kule injini inapozunguka kasi inaiacha ndogo mbali. Roho inataka kubwa ila pikapu ni nzito, ndio maana nikasema niwaulize kwanza. Springi za valvu bado ni zile zilizokuja na gari.

fundi_wa_torki

Mkuu umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa hela. Weka grafu ya muuzaji pembeni kwanza tuangalie injini yako inazunguka wapi ukiwa kwenye koni, maana hapo ndipo kamshafti inachaguliwa.

Otokrosi nyingi ukishatoka kwenye mstari unaingia gia ya 2 na unakaa humo mpaka mwisho. Gia ya 2 ya 4L60E ni 1.63, difu 3.73, tairi inchi 28. Piga hesabu, kwa kilomita 50 kwa saa injini iko karibu RPM (mizunguko kwa dakika) 2,270, kwa kilomita 100 iko karibu 4,540. Konvata (inayounganisha injini na giaboksi oto kwa oili) inateleza kidogo kwahiyo ongeza mia kadhaa. Uwanja unaokufikisha zaidi ya mia ni mkubwa sana, na kwenye kona za kubana unashuka mpaka 40, hapo ni RPM 1,800 na kitu. Kwahiyo maisha yako yote kwenye koni ni kati ya 1,800 na 4,600, na ile sehemu ya grafu anayokuonyesha muuzaji, 5,500 kwenda 6,500, gari yako kwenye gia ya 2 ingebidi iwe inakimbia zaidi ya 120. Hufiki huko. Unanunua nguvu ambayo huna pa kuitumia na unailipia kwa nguvu ya chini ambayo ndio unaililia.

Kwa nini kubwa inaua chini? Angalia valvu ya kuingiza inafunga lini. Hizo 228 na 212 ni nyuzi za krankshafti ambazo valvu inakaa wazi, zikipimwa tapeti ikiwa imenyanyuka inchi 0.050. Ile 212 kama imechongwa na nyuzi 4 za kutangulia (yaani valvu zinafunguka na kufunga mapema kidogo), valvu ya kuingiza inafunga nyuzi 34 baada ya pistoni kufika chini. Ile 228 ikiwa na 2 za kutangulia inafunga nyuzi 44 baada. Tofauti ni nyuzi 10 ambazo pistoni inapanda na valvu bado iko wazi. RPM ikiwa juu hewa ina kasi, inaendelea kuingia hata pistoni ikipanda, inakuwa faida. RPM 2,200 hewa haina kasi hiyo, pistoni inairudisha ilikotoka, kompresheni halisi inashuka na torki (nguvu ya kuzungusha) inashuka nayo. Gari ya kilo 1,100 inavumilia, ya kilo 2,150 haivumilii.

Na kumbuka injini yako ni lita 5.3. Kamshafti ile ile ikiwekwa kwenye lita 6.0 inatulia zaidi, kwenye 5.3 inakuwa kama imekua saizi. LM7 ilikuja na kamshafti ya nyuzi kama 190 tu upande wa kuingiza, lifti haifiki hata 0.470. Kuruka kutoka 190 mpaka 228 ni mbali sana.

Mimi ningechukua 212/218 bila kuwaza mara mbili. Hata ile ya kiwandani ya Corvette Z06 ya 2002 mpaka 2004, 204/218 lifti 0.551/0.547 LSA 117.5, kwa kazi yako ingekutosha vizuri kuliko hiyo 228.

breki_ngumu

Naongezea hapo kwa fundi, kwa sababu mimi nilishalipitia hili kwa miguu yangu mwenyewe. Nilikuwa na 5.3 kama yako, nikaweka kamshafti ya saizi ya hiyo kubwa, 228/230 kwenye 112. Sailensi (injini ikiwaka bila kugusa mafuta) ilikuwa tamu kusikiliza, inanguruma, watu wanageuka. Kwenye koni ilikuwa mateso.

Kitu cha kwanza, kati ya RPM 1,500 na 2,200 ukiwa umegusa mafuta kidogo tu gari inarukaruka, inavuta inaachia inavuta inaachia, na hiyo ndio sehemu unayopita koni za kupinda kushoto kulia kushoto, uzito wa pikapu unahama upande huu upande ule na injini nayo inakupiga mateke juu yake.

Cha pili ni breki, na hapa naomba unisikilize vizuri sana mkuu. Busta ya breki, ile inayokusaidia kukanyaga pedali, inaishi kwa vakyumu (mvuto wa hewa) ya injini. Kwenye kamshafti yangu ya zamani geji ilikuwa inasoma inchi 18 za zebaki gari ikiwa sailensi, na mpya ikasoma 11. Nikajiambia si tatizo, ukiachia mafuta kwenye RPM kubwa vakyumu inarudi, na ni kweli inarudi. Lakini kwa vile gari ilikuwa inakufa nguvu chini nikajizoesha kushika breki kwa mguu wa kushoto huku wa kulia umebaki kwenye mafuta kidogo, ili RPM isishuke. Sasa throtoli ikiwa wazi vakyumu haitengenezwi ya kutosha. Siku moja nimeshika breki ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu kwenye kona ya kurudi nyuma pedali ikawa ngumu kama nimekanyaga jiwe. Haikuzama hata kidogo. Nilipita moja kwa moja katikati ya koni saba, moja ikaingia chini ya gari ikakwama kwenye ekseli nikaburuza mpaka niliposimama. Uwanja ulikuwa mpana ndio maana naandika hapa. Tani mbili bila busta huzisimamishi kwa mguu.

Hesabu ya haraka ya kujua kamshafti itakula vakyumu kiasi gani: jumlisha nyuzi za kuingiza na za ekzosi, gawa kwa 2, toa LSA mara mbili. Kubwa yako, 228 na 230 wastani 229, toa 224, unabaki na +5, yaani valvu zote mbili ziko wazi pamoja kwa nyuzi 5. Ndogo yako, wastani 215 toa 224 ni -9. Kwa injini hii na gari inayotegemea busta ya vakyumu mimi siendi tena juu ya sifuri. Ukitaka lazima kubwa basi weka pampu ya vakyumu ya umeme au busta inayosukumwa na pampu ya stelingi, ila hayo ni mambo ya kuongeza juu ya tatizo ulilojinunulia mwenyewe.

gia_kwanza

Nakubaliana nao kwenye saizi lakini naomba nitofautiane kidogo kwenye mpangilio wa kazi. Kabla ya kamshafti yoyote mimi ningebadilisha difu kwenda 4.10. RPM zote zinapanda kwa karibu asilimia 10, kilomita 50 inakuwa karibu 2,490 badala ya 2,270, na kwa RPM 6,000 bado unafika kama 120 kwenye gia ya 2, inatosha kabisa. Torki inayofika kwenye tairi inaongezeka asilimia hiyo hiyo kila mahali, chini, katikati, juu. Hakuna kamshafti inayotoa kila mahali, kamshafti inachukua huku inaweka kule.

Baada ya hapo konvata ya stoli (RPM ambayo konvata inaanza kushika vizuri) kama 2,600 hivi badala ya ya kiwandani, ikusaidie kutoka kwenye kona za polepole. Ila ukiweka hiyo na uzito wako hakikisha unaweka kipoza oili kizuri cha giaboksi, maana konvata inayoteleza inatengeneza joto na joto ndio linaloua hizo 4L60E.

Ukishafanya hayo mawili ndio hiyo 212/218 itaonyesha kazi yake.

fundi_wa_torki

gia_kwanza yuko sahihi kuhusu difu, sipingi. Ila kama bajeti ni ya kitu kimoja na injini inafunguliwa anyway, hiyo ndogo bado itamsaidia maana kuanzia 2,500 kwenda juu inampa zaidi ya kamshafti ya kiwandani na kule chini kabisa inampotezea kidogo sana.

pikapu_tani2, kuhusu springi, usifikirie hata dakika moja kuacha za zamani. Zina umri wa gari na hazikutengenezwa kwa lifti ya 0.550. Zitaanza kuelea, valvu haifungi kwa wakati, injini inakata pumzi RPM ikipanda, na springi ikivunjika valvu inagongana na pistoni. Nunua zilizopangwa kwa lifti ya kamshafti yako na zaidi kidogo. Kubadilisha huhitaji kuvua silinda hedi, peleka pistoni karibu na juu, ingiza kamba ya nailoni safi kupitia tundu la plagi mpaka ijae, zungusha krankshafti kwa mkono taratibu mpaka kamba ibane. Kamba inashikilia valvu zisidondoke ndani huku unatoa springi. Hakikisha kipande cha kamba kimebaki nje, kazi hii usiifanye na usingizi.

Kamshafti yenyewe pia inatoka bila kuvua hedi kwenye hizi injini. Ukishatoa roka na pushirodi, zungusha kamshafti mara mbili kamili kwa mkono, tapeti zote zinasukumwa juu na zinashikwa na zile trei za plastiki. Kwenye injini ya umri huu trei zinaweza kuwa zimelegea, kwahiyo watu wengi wanaingiza fimbo mbili ndefu kwenye njia zilizo chini ya tapeti kutokea mbele, zikizuia zisidondoke. Tapeti moja ikidondoka utashusha sampo (beseni la oili chini ya injini), na hiyo ni siku nzima. Bolti ya puli ya krankshafti weka mpya, ile inavutika ikikazwa na hairudiwi. Cheni ya taimingi badilisha, na ile oringi ya bomba la kunyonyea oili pia, ikivuja oili presha inashuka na utahangaika kutafuta sababu.

Bahati yako ni LM7 ya 2002 haina mfumo wa kuzima silinda. Wenye 5.3 za kuanzia 2007 wanaosoma hapa, nyingi zina tapeti maalum kwenye silinda 4 na hadithi inakuwa nyingine kabisa.

Halafu lazima kompyuta iprogramiwe upya. Usiendeshe kwa programu ya zamani ukategemea itajizoesha.

pikapu_tani2

Nimewaelewa sana wakuu, breki_ngumu hiyo habari ya pedali imenitoa jasho kabisa, mimi nashika breki kwa mguu wa kushoto kila wakati na sikuwahi kufikiria hilo. Kubwa nimeachana nayo. Nachukua 212/218 yenye nyuzi 4 za kutangulia, springi mpya, pushirodi mpya. Difu itafuata nikijipanga. Nitaleta mrejesho.

pikapu_tani2

MREJESHO. Samahani kwa kuchelewa, kazi ilichukua wikiendi mbili badala ya moja, trei mbili za tapeti zilikuwa zimechoka kweli na bila zile fimbo ningelia. Kompyuta imeprogramiwa, sailensi ina mtikisiko mdogo sana, geji ya vakyumu inasoma inchi 16, pedali ya breki ni ile ile niliyoizoea.

Jana nimekimbia raundi 5. Kona ya kubana ambayo nilikuwa nasubiri, sasa nikikanyaga inaondoka, hakuna tena ile kama inavuta trela. Muda bora umeshuka sekunde 1.3 kwenye uwanja ule ule na mpangilio ule ule wa koni. Kilichobadilika sasa ni nyuma, nikikanyaga mapema wakati stelingi bado imekatwa tairi ya ndani inazunguka bure na mkia unataka kutoka, raundi ya pili niligonga koni mbili kwa hilo. Nimeanza kunyoosha stelingi kwanza ndio nafungua mafuta yote, raundi za mwisho zilikuwa safi. Loki ya difu nahisi imechoka, nitaifungua niangalie sahani zake wakati naweka 4.10.