Mjadala: Picha la Waviking, damu mpaka magotini, hadithi hakuna. Tuliite zuri?

Wakuu, Jumapili iliyopita mimi na kaka yangu tulibishana mpaka chai ikapoa. Tulikuwa tumerudia kuangalia Pathfinder, lile picha la mwaka 2007 lililoongozwa na Marcus Nispel, steringi akiwa Karl Urban. Kwa asiyelijua: meli ya Waviking, wale mabaharia wapiganaji wa kale wa Skandinavia, inaharibika pwani ya Amerika Kaskazini, anabaki mtoto mmoja, wenyeji wanamlea. Akiwa mtu mzima, Waviking wengine wanakuja kuchinja kila anayepumua, naye anasimama upande wa waliomlea. Hadithi yote ndiyo hiyo, sijawaficha kitu.

Kaka anasema hilo ni picha la mapigano kwelikweli. Mimi nasema ni zuri kwa macho tu. Wahakiki walilisaga lilipotoka, na kwenye majumba ya sinema halikurudisha gharama zake, ila kwenye vibanda vya video kwetu lilipendwa. Nani alikuwa sahihi?

Nilitendee haki kwanza. Nispel alitokea kwenye matangazo na video za muziki, na inaonekana. Rangi zimenyonywa mpaka ikabaki bluu ya baridi na kijivu, ukungu unatambaa kati ya miti, damu inaruka juu ya theluji. Simamisha popote, una picha ya kutundika ukutani. Kuna mahali steringi anateleza mlimani juu ya ngao, maadui nyuma yake nao wamepanda ngao zao. Kibandani watu walisimama juu ya mabenchi.

Sasa shida yangu. Safari hii nilijaribu kuhesabu wafu niliowajua. Kijiji kizima kinateketezwa, na sikuweza kutaja majina matatu. Kwa upande wa Waviking ni vibaya zaidi: nyuso zimefichwa ndani ya kofia za chuma, wananguruma kwa Kiaisilandi, hatujui wanataka nini. Ardhi? Watumwa? Chakula? Wamevuka bahari yote ile na farasi ili waue tu. Adui hana uso, marehemu hana jina, halafu mnataka nishtuke kichwa kikikatwa. Sishtuki. Baada ya kichwa cha nne nilianza kuangalia simu.

Na zile pembe! Waviking hawakuvaa kofia za pembe. Kofia iliyochimbuliwa Gjermundbu, Norwei, mwaka 1943 haina pembe hata moja. Pembe zilienezwa na Carl Emil Doepler, fundi wa mavazi ya opera ya Richard Wagner iliyochezwa Bayreuth mwaka 1876. Yaani tunaogopeshwa na vazi la jukwaani la Wajerumani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba picha hili limetokana na lingine. Mwaka 1987 Nils Gaup alitengeneza Ofelaš huko Norwei, kwa lugha ya Kisami, kutokana na masimulizi ya wazee wa Wasami, wenyeji wa kaskazini kule, likafika mpaka kuteuliwa kugombea Oscar. Mle kijana hana upanga wala misuli. Wauaji wa familia yake wanamlazimisha awaonyeshe njia ya kwenda kwa watu wengine, na silaha yake ni hiyo tu, kwamba njia anaijua. Unakaa unatetemeka, je, atawapeleka kweli? Nispel aliichukua hila ya kuongoza adui milimani, akaiweka mwishoni, baada ya steringi kuua nusu ya jeshi kwa mkono wake. Ukishaua nusu ya jeshi, hila ya nini?

Karibuni.

*Mchangiaji, Mombasa:*
Ndugu yangu, umekwenda kwenye harusi kutafuta mawaidha. Picha la mapigano hutazamwa mapigano. Kule Pemba watu huenda kutazama mchezo wa ng'ombe, na sijamsikia mtu akiuliza ng'ombe ana hadithi gani. Mwangalie mchezaji anavyomkwepa, basi, umeshiba. Urembo nao ni kazi. Huyo Nispel amekutia baridi ukiwa umekaa kwenye joto la Dar, wewe wamwambia hakusema kitu?

*Mchangiaji, Mwanza:*
Mleta mada umeandika kama mtu aliyeliona kwenye kompyuta na maandishi chini. Sisi tuliliona na mtafsiri, yule anayesimulia picha kwa Kiswahili kwenye kipaza sauti. Yule jamaa aliwapa wote majina! Jitu kubwa la Waviking aliliita Mzee wa Kodi, na kila likivunja mlango anasema limekuja kudai madeni ya tangu enzi za babu. Mama aliyeuawa mwanzoni alimpa wosia mrefu kabisa, hadi dada mmoja pembeni yangu akajifuta machozi. Picha lenye maneno mengi humbana mtafsiri. Likiwa tupu kama hili ndipo anapata uwanja. Kwa hiyo mimi sikuona picha tupu, niliona picha lililojaa.

*Mchangiaji, Mombasa:*
Hahaa, Mzee wa Kodi! Wallahi huyo apewe tuzo.

*Mchangiaji, Toronto:*
Kaka zangu, naomba niwaharibie utamu kidogo. Ninaishi Kanada na niliwahi kufika L'Anse aux Meadows, ncha ya kaskazini ya Newfoundland, mahali ambapo Helge na Anne Stine Ingstad waligundua makazi ya Waviking kuanzia mwaka 1960. Ni misingi ya nyumba nane, majani, upepo. Kitu kilichonisimamisha ni kigurudumu kidogo cha jiwe cha kusokotea uzi. Maana yake huenda wanawake walikuwapo. Watu walikaa hapo wakisokota sufu, wakikata miti (mwaka 2021 wanasayansi walitangaza kwamba miti fulani ilikatwa mwaka 1021 hasa).

Na masimulizi yao wenyewe ya kale yanaeleza walivyokutana na wenyeji. Walifanya biashara! Wenyeji walileta ngozi wakataka kitambaa chekundu. Kitambaa kilipokaribia kuisha, wageni walikikata vipande visivyozidi upana wa kidole, na bei ikabaki ileile. Dume la ng'ombe likatoka msituni likibweka kwa nguvu, wenyeji wakakimbilia mitumbwini. Baada ya wiki tatu walirudi, safari hii na silaha. Kwingine wanasimulia kwamba watu tisa walikutwa chini ya mitumbwi ya ngozi, wanane wakauawa, mmoja akatoroka, akarudi na wengi. Huyo mmoja aliyetoroka angetosha kuwa picha zima.

Halafu kumbukeni kwamba wenyeji wa kisiwa hicho, Wabeothuk, walimalizika. Shanawdithit, wa mwisho aliyejulikana, alifariki mwaka 1829. Ndiyo maana vijiji vinapochomwa ili theluji ipendeze kwa rangi nyekundu, mimi siwezi kupiga makofi.

*Mchangiaji, Mwanza:*
Dada umenipa mawazo, ila ng'ombe habweki, mbwa ndiye anayebweka. Ng'ombe analia.

*Mchangiaji, Toronto:*
Miaka kumi na minne ughaibuni, mnisamehe.

*Mchangiaji, Mombasa:*
Basi nawe niwekee na hili, dada: mzee wa wenyeji mle ndani amechezwa na Russell Means, ambaye alikuwa kiongozi wa harakati za wenyeji wa Marekani na alikuwapo wenyeji walipokishikilia kijiji cha Wounded Knee mwaka 1973. Kama yeye alikubali kucheza, mimi ni nani wa kuwa na uchungu kumzidi?

*Mleta mada:*
Mzee wangu wa Mombasa, Means kucheza humo ndiko kunakoniumiza. Umempata mtu aliyebeba historia yote hiyo mabegani, unampa sentensi za busara za kalenda, kisha unamtoa njiani ili steringi apate hasira. Kupata kazi na kupewa kitu cha kufanya ni mambo mawili.

La mchezo wa ng'ombe nalikubali nusu. Pemba ng'ombe ni wa kweli na mchezaji anaweza kuumia kweli, ndiyo maana hatuhitaji hadithi. Mle kwenye picha najua tangu mwanzo steringi hafi. Hatari ikishaondoka, nabaki na mandhari.

Lakini Mwanza umenishinda. Nimekaa nikifikiria huyo Mzee wa Kodi. Mtu mmoja na kipaza sauti cha bei rahisi ameona tundu ambalo kampuni nzima ya Hollywood haikuliona: kwamba jitu linalovunja mlango lazima liwe linadai kitu. Kama kuna mwenye nakala ya tafsiri hiyo aniambie, nitaifuata hata huko Mwanza.

Kaka naye nimempelekea uzi wote asome. Amejibu kwa neno moja: "Ngao."