Naomba ushauri: ovaroli ya kazini niifue kwa sabuni gani ili vumbi la risasi lisimfikie mtoto?

Baba Mwajuma: Wakuu, salaam. Ninafanya kazi hapa Tanga katika karakana inayopasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Mwanangu wa miaka miwili na nusu analalamika tumbo, hataki kula, na maneno aliyokwisha kuyajua ameyaacha. Zahanati imempa dawa ya minyoo mara mbili. Naomba kujua sabuni tu, maana mengine yote nimeshayazingatia.

Mama Wawili: Pole sana, ndugu yangu. Marehemu mume wangu alikuwa fundi rangi wa magari, na kila jioni aliwapakata watoto kabla hajanawa. Laiti ningejua, ningemsimamisha mlangoni. Badilisha nguo na viatu kazini, uoge huko huko, na ovaroli usiikung'ute.

Mkaazi wa Mikindani: Sisi wa Mombasa tuliyaona katika mtaa wetu wa Owino Uhuru. Phyllis Omido aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwanawe mchanga akakutwa na risasi mwilini; mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Tafuta wakili.

Nesi Mstaafu: Wakili atasubiri. Tumbo la mtoto hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko la mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linaagiza chanzo kitafutwe damu ikifikia maikrogramu 5 kwa desilita. Mwanangu, niambie kweli: risasi yenyewe huwa inaingia nyumbani?

Baba Mwajuma: Sikutaka kulisema. Jioni huwa ninayeyusha vipande uani na kuwamiminia wavuvi chubwi, vile vizito vya kuvulia. Sufuria hiyo haipikiwi chakula, moto uko mbali na mlango, na wateja wameshatanguliza fedha ambazo nimelipia kodi ya nyumba. Isitoshe, nimepanga kumpeleka mtoto kwa bibi yake Muheza, kwa hiyo hilo limekwisha.

Msemakweli: Kisa hiki ninakitilia shaka. Aliyezingatia yote mara ana tanuri uani! Hii ni hadithi ya kututoa machozi.

Baba Mwajuma: Sijatunga, ndugu. Nimeugeuza mfuko wa ovaroli juu ya gazeti sasa hivi: vumbi la kijivu limejaa kwenye mshono, na katikati yake kuna kisoda alichokificha mwanangu, kwa kuwa humo ndimo anamowekea vitu vyake vya kuchezea.

Nesi Mstaafu: Ninakuamini. Uzime moto huo leo, uani usifagiliwe pakavu bali palowekwe kwanza, na mtoto apimwe damu kabla ya safari ya Muheza, kwa sababu iliyokwisha kuingia mwilini ataondoka nayo. Risasi hujificha mifupani, na mwanamke akipata mimba humfikia aliye tumboni. Mama yake hali yake ikoje?

Baba Mwajuma: Ana mimba ya miezi saba. Ndiye anayeifua ovaroli kila Jumamosi, katika beseni lile lile analomwogeshea mtoto.